Kirukia cha kwenye mwembe wangu kina majina matatu ya kisayansi. Nani anaamua haya mambo?

#1 MpandaMchicha

Wakuu, salaam. Nitaeleza kwa urefu kidogo, mwenye haraka aruke aende chini kwenye swali.

Naishi Kimara. Nyuma ya nyumba nina mwembe dodo niliourithi kwa mzee aliyeniuzia kiwanja. Misimu miwili sasa upande mmoja unazaa embe ndogo kama ngumi ya mtoto, na kule juu matawi yamebeba majani ambayo si ya mwembe. Jani la mwembe ni refu na limechongoka. Haya ni mafupi, manene, kijani chake kimefifia kama yamepigwa vumbi la barabara. Mama mkwe alipokuja kutoka Handeni alitazama juu mara moja tu akasema, "Baba, una kirukia hapa. Kitakumalizia mwembe."

Nikaita fundi wa kukata miti. Akapanda, akafyeka yale majani, akashuka, akachukua elfu sitini yake. Mvua za vuli ziliponyesha kikarudi, na safari hii kimetoa machipukizi kama kuku aliyetaga.

Sasa kilichonifanya nianzishe uzi ni hiki. Jumamosi mke wangu alikuwa anaanua nguo akaniita. Kwenye waya wa kuanikia kulikuwa na kitu kama kamasi iliyokauka, ndani yake punje ya kijani. Kwenye punje kimetokeza kidole chembamba, kijani, kimejipinda kuelekea kwenye waya, na ncha yake imebapa kama kikanyagio. Wakuu, mbegu imeota juu ya waya! Hakuna udongo, hakuna maji. Karibu yake kulikuwa na nyingine, nikajaribu kuibandua, ikahamia kidoleni. Nimenawa sabuni mara tatu haikutoka, imetoka kwa mafuta ya taa.

Nikaingia mtandaoni kutafuta virukia vya ukanda wetu wa pwani. Nikakutana na kimoja chenye jina la Zanzibar. Ukurasa mmoja unakiita *Loranthus sansibarensis*. Mwingine *Tapinanthus sansibarensis*. Wa tatu *Agelanthus sansibarensis*. Nikadhani ni mimea mitatu, kumbe wanasema ni huo huo mmoja.

Swali: hawa wataalamu wana shida gani? Mama mkwe wangu anakiita kirukia tangu anazaliwa na hajabadilisha hata herufi.

#2 Kijana wa Mabibo

Siti ya mbele, kahawa mkononi.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyo wako ana misimu miwili na jembe hajalishika.

#3 Shoka la Miti

Mkuu pole, ila fundi wako alikunyoa nywele badala ya kung'oa jino. Kirukia hakikatwi majani. Tafuta pale kilipoungana na tawi, utaona nundu, mti umevimba kama goti la mtu mwenye maji. Tawi la mwembe lenyewe ndilo linalokatwa, chini ya hiyo nundu, unarudi nyuma kiasi upate mbao safi. Ukiacha nundu umeacha mizizi yake ndani, kitarudi tu. Na kikate kabla hakijaiva matunda, la sivyo ndege wameshakigawa mtaa mzima.

Kama kiko kwenye shina kuu, hapo ongea na mwembe wako vizuri, muagane.

#4 Bi Hebaria

Hamjambo wanangu. Mimi nimestaafu. Miaka mingi kazi yangu ilikuwa kubandika majani makavu kwenye karatasi na kuyaandikia lebo, kwa hiyo mleta uzi umenigusa penye kidonda.

Kwanza hicho ulichokiona kwenye waya ni kitu kizuri sana na watu wengi hawajawahi kukiona kwa karibu. Mbegu ya kirukia haina ganda gumu kama la mbegu ya embe au ya papai. Imefunikwa ulimbo tu, ule ule ambao watoto wa zamani walinasia ndege. Kitororo, yule ndege mdogo anayegonga kengele mchana kutwa juani, anameza tunda, anaitema punje, punje inamganda mdomoni, anaifuta kwenye tawi. Akiwa amekaa kwenye waya wako wa nguo, anaifuta kwenye waya. Mbegu haichagui, inaota popote. Kile kikanyagio ulichokiona ndicho ambacho kingekuwa mlango wa kuingilia kwenye gome. Kwenye waya hakuna pa kuingilia, itaishiwa akiba na kufa.

Pili, kirukia ni kimelea nusu, si kizima. Kina majani, kina umbijani, kinajipikia chakula chake kwa jua kama mimea mingine. Anachoiba ni maji na chumvichumvi za mti, kwa mzizi mnyonyaji uliozama kwenye mbao. Sisi tuliokua enzi za Azimio la Arusha tulifundishwa wanyonyaji wana mirija. Huyu ana mrija, lakini jikoni anaingia mwenyewe.

Tatu, kabla sijakujibu la majina, naomba unijibu haya. Petali za ua ni ngapi? Zimeungana kuwa bomba au kila moja iko peke yake? Bomba limepasuka upande mmoja au limefunguka sawasawa? Chini ya ua kuna kivimbe? Maua yanatoka pamoja sehemu moja kama vijiti vya mwavuli, au yamepangana kwenye uti? Yana manyoya? Picha ya majani uliyoweka hainisaidii kitu. Majani ya virukia hudanganya kuliko mashahidi wa mahakamani.

#5 MpandaMchicha

Shikamoo mama.

Nimepanda na ngazi. Petali tano. Zimeungana, ni bomba jembamba refu kidogo kuliko njiti ya kiberiti, chini kuna kivimbe kama punje ya mtama, na bomba limepasuka upande mmoja tu. Yanatoka matatu hadi sita sehemu moja, kama mwavuli. Manyoya sioni, labda macho yangu.

Halafu mama, tumba moja lilikuwa limejaa, linaonekana kama linataka kufunguka lakini bado. Pembeni lina vidirisha vyembamba, kama nyufa. Nikaingiza ncha ya ukucha kwenye ufa. Likapasuka PA! Petali zikarudi nyuma, ungaunga wa njano ukanirukia kwenye dole gumba. Nusura nianguke kwenye ngazi. Nimefanya kwa matano mengine, nakiri, si kwa ajili ya sayansi.

#6 Kijana wa Mabibo

Mtu mzima juu ya ngazi anapasua maua. Majirani wanasemaje huko Kimara?

#7 Bi Hebaria

Marahaba mwanangu. Ulichofanya kwa ukucha, chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua, hufanya kwa mdomo. Anaingiza mdomo kwenye ule ufa kutafuta nekta, ua linampasukia usoni, anaondoka na chavua kwenye paji. Tumba ambalo halijaguswa na ndege mara nyingi halifunguki vizuri lenyewe. Na huo mpasuko, hilo bomba la petali tano na hicho kivimbe vinakuweka kwenye kundi la *Tapinanthus* na *Agelanthus*. Kwamba ni *sansibarensis* sitasema kwa picha, tofauti za humo ndani zinataka lenzi na sampuli mkononi. Ila jina ulilolikuta si la ajabu kulikuta pwani.

Sasa majina. Kaa vizuri.

Hapo mwanzo karibu kila kirukia cha aina hii, kiwe cha Ulaya, India au Afrika, kiliwekwa kwenye jenasi moja, yaani ukoo mmoja wa kisayansi, *Loranthus*. Maana yake ni ua la ukanda, kwa sababu petali ni nyembamba kama kanda za ngozi. Lilikuwa kama gunia. Kila kirukia kilichofika Ulaya kimekauka kilitupwa humo. Wajerumani walipokuwa huku, wasafiri na maofisa wao walikuwa wanapeleka majani makavu Berlin kwa meli, na huko alikuwepo Adolf Engler, mkuu wa bustani ya mimea. Yeye akawa anayapa majina moja baada ya jingine, *Loranthus* fulani, *Loranthus* fulani. Ukisoma majina yake ni kama unasoma ramani: *panganensis* wa Pangani, *uhehensis* wa Uhehe, *sansibarensis* wa Zanzibar.

Wakati huohuo kule Ufaransa Philippe van Tieghem alilifungua gunia. Miaka ya 1890 alikata mashina na maua, akatazama ndani kwa darubini, akaona vitu hivi haviwezi kuwa ukoo mmoja. Akatoa jenasi nyingi mpya kwa mpigo, *Agelanthus* ikiwa mojawapo. Wenzake walimwona amezidisha. Hata kitabu kikubwa cha Waingereza cha mimea ya Afrika ya joto, kilipofika kwenye virukia mnamo 1910, kiliendelea na gunia lile lile la *Loranthus*, kikaligawa tu kwa mafungu ndani.

Akaja Mholanzi, Danser. Mwaka 1933 alipanga upya familia nzima. *Loranthus* akaibakiza kwa vichache vya Ulaya na Asia, vya kwetu akavihamisha. Hapo ndipo cha Zanzibar kikawa *Tapinanthus*. Kikakaa hivyo zaidi ya nusu karne, mpaka Roger Polhill na Delbert Wiens walipochapisha kazi yao ya virukia vya Afrika mwaka 1998. Hawa walivitazama vikiwa hai porini: ua linavyofunguka, nyuzi za stameni zinavyojikunja, maua yamekaa mwavuli au utini. Yale ambayo kwenye karatasi yamebanwa na kupondeka huyaoni. Wakavigawa *Tapinanthus* na *Agelanthus*, cha Zanzibar kikaangukia upande wa pili.

Kwa hiyo ukiona limeandikwa kikamilifu, *Agelanthus sansibarensis* (Engl.) Polhill & Wiens, hiyo si mapambo. Ni kama hati ya kiwanja. Ndani ya mabano ni mmiliki wa kwanza, Engler, aliyempa mtoto jina. Nje ya mabano ni waliomhamishia nyumba aliyomo sasa. Tazama: lililobadilika mara zote mbili ni jina la kwanza. *Sansibarensis* halijaguswa hata siku moja. Jina la kwanza linasema *tunadhani* huyu ni ndugu wa nani, na dhana hubadilika. La pili linamtaja yeye mwenyewe.

Mama mkwe wako hajabadilisha kwa sababu hajawahi kuulizwa ni ndugu wa nani. Aliulizwa amekaa wapi, akajibu sawasawa: amerukia.

#8 Mtu wa Forodhani

Mama ahsante, hapo kwenye mabano nimeelewa leo, na umri huu.

Lakini mie kama mtu wa Unguja nina malalamiko. Kwa nini *Sansibar* kwa S? Makosa ya Mjerumani mpaka leo yanatutambulisha duniani? Na yule kima punju wetu wa Jozani naye ana jina la Kirk, balozi wa Kiingereza. Mtu kakaa Unguja kwa kazi yake, kapewa kima mzima.

#9 Bi Hebaria

Na kirukia kapewa pia, ndugu yangu. *Helixanthera kirkii*, huyo petali zake haziungani. Dokta Kirk aliokota mimea tangu akiwa na Livingstone huko Zambezi. Majina ya kirukia yamejaa watu: kuna jenasi *Englerina* kwa ajili ya Engler, na *Spragueanella* kwa ajili ya Sprague, mmoja wa walioandika kile kitabu cha 1910.

Kuhusu S, Mjerumani hakukosea, kwao ndivyo inavyoandikwa. Na sheria ya majina ya mimea inasema alivyoandika wa kwanza ndivyo inavyobaki, labda awe amekosea chapa. Ukiruhusu kila mtu arekebishe tahajia kwa mapenzi yake, baada ya miaka mia hakuna atakayemkuta mwenzake.

Ila mwisho wa neno huwa unabadilika, na hapa Waswahili tuna bahati kwa sababu tumezaliwa na ngeli. Kilatini kina jinsia, na jina la pili linamfuata la kwanza. Engler aliandika *Loranthus inaequilaterus*. Alipohamishiwa *Englerina*, ambayo ni ya kike, akawa *inaequilatera*. Ni kama mti mrefu ukihama ngeli ukawa kijiti, utasema kirefu. Wanafunzi wangu waliotoka nje walikuwa wanahangaika na hili wiki nzima. Wa kwetu dakika tano.

#10 Mjukuu wa Chifu

Nimesoma kimya ila naona niseme. Tunachekacheka hapa lakini hii ni historia ya kuporwa. Mmea uko Pangani, watu wa Pangani wanaujua, mtu aliye Berlin ambaye hajauona ukiwa hai ndiye "anayeugundua". Sampuli zikaenda, majina yakarudi. Kwa nini lisiwe *kirukia* tu, duniani kote?

Na yapo majina mabaya zaidi. Jamaa wa mtundakula, yule kichaka wa matunda mekundu ya ukakasi, anaitwa *Ximenia caffra*. Tafuteni *caffra* imetoka wapi. Ni kafiri. Neno hilo hilo la Kiarabu tulilonalo kwenye Kiswahili, Wazungu wa kusini wakaligeuza tusi la mtu mweusi, kisha wakalipachika kwenye mimea.

#11 Bi Hebaria

Chifu, kwenye la pili uko sahihi kabisa na limeshapigiwa kura. Julai 2024 wataalamu wa mimea walikutana Madrid. Hoja ililetwa kwamba majina yote yenye mzizi huo yaandikwe *afra* na jamaa zake, yaani ya Afrika. Ikapita kwa kura 351 dhidi ya 205. Yanaguswa majina zaidi ya 200, na mabadiliko ni kuanzia 2026. Kwa hiyo huyo wako ni *Ximenia afra*. Herufi moja imetoka na nyingine imeliwa, basi. Nilipopata habari nilikaa nikaikumbuka kila lebo niliyoandika *caffra* kwa mkono wangu mwenyewe, kwa mwandiko mzuri, bila kuuliza.

Na huyo naye, kwa taarifa ya uzi huu, ni jamaa wa mbali wa kirukia. Ukoo wa mtundakula hunyonya pia, ila kwa chini, mizizi kwa mizizi. Umesimama wima kichakani kama mti mwema, huwezi kumshuku.

Kwenye la kwanza nakubaliana nusu. Kuhusu sampuli kwenda, kuna uchungu zaidi ya unaoujua. Kila jina linategemea sampuli moja iliyotajwa, ile ambayo mwandishi aliitumia. Tunaiita taipu. Jina likizua ubishi, unarudi kwenye taipu. Sasa usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943 mabomu yaliangukia jumba la mimea la Berlin, na sehemu kubwa ya makabati ikaungua. Mimea ya Tanganyika iliyochumwa kwa jasho la wapagazi wetu iliteketea kwenye vita isiyoihusu. Ndiyo maana leo mtafiti anatafuta kipande pacha kilichopelekwa mji mwingine, na kikikosekana inabidi achague kingine cha kushika nafasi. Engler mwenyewe alikuwa ameshafariki 1930, hakuyaona.

Lakini *kirukia* litumike dunia nzima? Hapana, na si kwa sababu ni la Kiswahili. Ni kwa sababu neno letu ni pana mno. Nenda hapo Pugu ukaulize. Okidi iliyokaa juu ya mti, wataiita kirukia. Mkangaga wa juu ya mnazi, kirukia. Mtini mdogo ulioota kwenye mwanya wa mwembe, kirukia. Hao hawanyonyi kitu, wamepanga chumba tu. Neno linaeleza *kukaa*, wala halielezi *kunyonya*. Halafu watu wakitaka kulibana wanaongeza jina la mti: kirukia cha mwembe, kirukia cha mpera, kirukia cha mkorosho. Hapo ndipo linapoharibika zaidi, maana spishi moja inaweza kukaa kwenye miti kadhaa tofauti, na mwembe mmoja unaweza kubeba spishi mbili. Ni kama kumwita mtu kwa jina la nyumba aliyopanga. Akihama Mbagala kwenda Mikocheni anakuwa mtu mwingine?

(Na hapo Mikocheni penyewe, nionyesheni mikoche mingapi imebaki.)

#12 Dokta Mizizi

Habari wapendwa. Nanunua kirukia cha mlimao na cha mkorosho, kiasi chochote, lazima kiwe cha upande wa mawio. Njoo inbox.

#13 Bi Hebaria

Dokta, umesoma ujumbe ulio juu yako?

#14 Dokta Mizizi

Nimesoma mama. Ndiyo maana nasema cha mlimao. Cha mwembe hakina kazi hiyo.

#15 Shoka la Miti

😂😂 Mimi kila wiki nashusha virukia lumbesa nzima, wallahi nikikwambia ni vya mlimao utajuaje?

#16 Bi Hebaria

Shoka umeuliza swali la kisayansi kuliko yote kwenye uzi huu. Hatajua. Ndiyo maana sisi tulikuwa tunakataa sampuli ya kirukia isiyokuja na kipande cha tawi la mwenyeji pamoja na majani yake. Mchumaji anasema "nimekitoa kwenye mkwaju", tunamwambia lete jani la mkwaju.

#17 Mama Junior Tegeta

Samahani naingilia. Mmesema mizizi kwa mizizi. Je, msandali nao? Shemeji yangu alikuwa na biashara ya kununua magogo yake huko bara, akakamatwa, gari likataifishwa. Alikuwa anasema ni mti wa kawaida tu unaoota porini.

#18 Bi Hebaria

Ndiyo mama, msandali wetu, *Osyris lanceolata*, ni kimelea nusu vilevile. Kichaka tu, mara chache mti. Juu unajipikia, chini umeng'ang'ania mizizi ya majirani. Ndiyo sababu kuupanda ni kazi: ukiuotesha peke yake kwenye kiriba unadumaa, unataka jirani wa kumnyonya. Na mafuta yake yamo kwenye mbao za chini na mizizini, kwa hiyo mvunaji haukati, anaung'oa mzima. Ongeza kwamba kuna mti dume na mti jike, ukiondoa wa upande mmoja unaobaki hauzai. Tangu 2013 misandali ya nchi zetu hizi za Afrika Mashariki pamoja na Ethiopia imo kwenye orodha ya pili ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Kuuvusha mpaka bila kibali ni kesi.

Na jina, kwa kuwa ndiyo mada. Huo si sandali ile ya India ya manukato ya zamani, *Santalum album*. Ni binamu. Wafanyabiashara waliazima jina kwa ajili ya harufu. Tena wenyewe ulikuwa na majina lukuki, mwingine wa Ethiopia aliitwa *Osyris abyssinica* akidhaniwa wa peke yake, mpaka ilipoonekana ni mmea ule ule unaopatikana kuanzia Hispania hadi India. Hapo hakuna kura. Jina lililochapishwa mapema ndilo linalokaa, na *lanceolata* ni la 1832. Mengine yote yanakuwa visawe. Askari wa mpakani akishika mzigo karatasi imeandikwa *abyssinica*, lazima ajue ni huo huo. Hiyo ndiyo kazi ya haya majina yanayowaudhi, mama. Shemeji yako alikamatwa kwa Kilatini.

#19 Kijana wa Mabibo

"Alikamatwa kwa Kilatini." Naomba niiweke status.

#20 MpandaMchicha

Mama, nimesoma yote mara mbili. Naomba unielekeze nikitaka kukileta kijulikane, nafanyaje? Nisije nikaleta mboga.

#21 Bi Hebaria

Chuma tawi lenye urefu wa kiganja na nusu, liwe na maua yaliyofunguka, matumba na tunda kama lipo. Chukua na ile nundu kilipoungana, pamoja na majani ya mwembe. Tandaza kati ya magazeti, jani moja ligeuze tumbo juu, weka mbao na matofali. Badilisha magazeti kila siku mpaka yakauke, kwa joto la Dar usipobadilisha litaota ukungu. Matunda machache tia kwenye kichupa cha spiriti. Rangi ya ua andika *siku hiyo hiyo*, likikauka linakuwa kahawia kama chai na hakuna atakayejua lilikuwa jekundu au la chungwa. Kisha peleka hebaria, yaani ghala la mimea iliyokaushwa, ya Chuo Kikuu hapo Mlimani.

Na usishangae ukiambiwa siyo *sansibarensis*.

#22 Mjukuu wa Chifu

Mama, na mimi nilete cha kwetu? Kipo kwenye mkungu. Lebo naruhusiwa kuandika Kiswahili?

#23 Bi Hebaria

Lete baba. Lebo ina nafasi ya jina la mahali. Andika wanavyokiita, na nani anakiita hivyo, kijiji gani. Ile jenasi aliyomo sasa yule *panganensis* wa Pangani, *Emelianthe*, ina spishi moja tu, na bado kundi zima la virukia ndugu limepewa jina kutokana naye. Lakini watu wa Pangani walikiitaje, sikumbuki kuiona lebo yoyote iliyoandika.

#24 MpandaMchicha

Mrejesho, wakuu.

Shoka alikuja Jumapili, amekata matawi mawili chini ya nundu, ya tatu iko karibu na shina tumeiacha tuitazame. Amekataa hela ya pili, kachukua embe.

Ile nundu tuliipasua kwa msumeno kwa urefu. Ndani, mbao ya mwembe ni nyeupe inayoelekea manjano, na ya kirukia ni ya kahawia, imeingia kama vidole vya mkono uliozama kwenye unga. Hapana mahali utakapoweka kisu useme hapa ndipo mmoja anapoishia. Nusu moja iko chini ya matofali na magazeti, nusu nyingine mke wangu kaiweka juu ya kabati.

Lebo nimeandika hivi: *Kirukia (Kizigua na Kiswahili, kwa mujibu wa mama mkwe, Handeni). Juu ya mwembe dodo, Kimara, Dar es Salaam. Ua: chini jekundu, juu linaelekea chungwa, linapasuka likiguswa.* Nafasi ya jina la Kilatini nimeiacha wazi.

Punje ya kwenye waya ilikauka jana, kidole kimenyauka. Lakini siku ile nilihamishia moja kwenye kijitawi cha mpera, nikaifunga uzi mwekundu nisiipoteze. Hiyo bado mbichi, na kikanyagio kimeshagusa gome. Mama mkwe hajaambiwa.